Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Mishale ya Mbao

Saa mbili kasorobo asubuhi

Desemba, Yorkshire, kaskazini mwa Uingereza. Nje hakujapambazuka sawasawa. Kitu cha kwanza nikifungua karakana ni kuwasha hita, maana gundi ya baridi haishiki na vidole vya baridi havihisi kitu. Kisha natazama gundi ya ngozi niliyoiloweka jana jioni, naiweka kwenye sufuria juu ya maji ya moto. Inatakiwa nyuzi joto 60 hivi. Ikichemka imekufa, utabandika manyoya na kesho yote yako sakafuni.

Tuko wawili hapa. Mzee mwenye karakana anachonga pinde upande wa dirishani, mimi natengeneza mishale. Wateja wakisikia natoka Tanzania wanadhani nimelelewa na upinde mkononi. Jamani, mimi ni wa Tanga mjini; mshale niliokua nao ni wa saa ya ukutani. Wenye haki ya kujisifu kwetu ni Wahadzabe wa kule Ziwa Eyasi, wanaowinda kwa mishale mpaka leo. Mimi nimejifunzia huku, nimekaa kwenye stuli, karibu na hita.

Saa mbili na nusu

Fito, yaani vijiti vya kutengenezea mishale. Leo limefunguliwa boksi la mwerezi wa Port Orford, mti unaoota kiasili Oregon na kaskazini mwa California tu. Ukiliinamia unasikia harufu kali kama ya tangawizi. Ugonjwa wa mizizi umeua mingi ya miti hiyo, kwa hiyo fito nzuri zimekuwa adimu na bei haishikiki. Wengi wamehamia kwenye misonobari, na sioni ubaya, ila kwa harufu hii bado naukumbatia mwerezi.

Kuzipanga ndiyo kazi yenyewe, na hakuna anayeniamini nikisema hivyo. Watu wanakuja kuona manyoya. Lakini mshale ukifyatuliwa haunyooki kama risasi: unapinda, unauzunguka upinde, kisha unajinyoosha ukiwa angani. Upinde wa nguvu nyingi unataka ufito mgumu, upinde mwepesi unataka ufito laini. Kwa hiyo kila ufito naulaza juu ya nguzo mbili zilizoachana inchi 26, naning'iniza uzito wa paundi 2 katikati, nasoma umebonyea kiasi gani. Ukibonyea inchi 0.65, nagawanya 26 kwa 0.65, napata 40. Huo ni wa mwenye upinde wa paundi 40 (nguvu ya kuuvuta, si bei), takriban. Halafu mizani. Fito mbili zilizotoka boksi moja, urefu mmoja, unene mmoja, zinaweza kupishana gramu tatu au nne bila jicho kujua. Anayelipia mishale 12 analipia mishale 12 inayofanana tabia. La sivyo angenunua mmoja mmoja.

Hizi za leo zitachovywa vanishi mchana, zikauke mpaka kesho.

Saa nne

Chai, na kunyoosha fito zilizokengeuka. Kila ufito naupasha moto juu ya jiko, nabonyeza kwa kiganja, nauzungusha juu ya kucha mbili na kusikiliza. Ulionyooka unapita kimya, uliopinda unatetemesha ukucha.

Saa nne na nusu

Sasa manyoya. Kuna fito 13 zilizokwisha kukauka, za dada mmoja mwenye upinde mrefu wa paundi 40. Ameagiza 12, ya kumi na tatu ni bima yangu.

Manyoya yake ni ya bata mzinga, yale marefu ya mwisho wa bawa. Namwaga kapu mezani na kutenga mabawa ya kulia na ya kushoto. Ukiushika unyoya ncha ikielekea mbele yako utaona umejikunja upande mmoja, na mkunjo huo ndio unaouzungusha mshale hewani. Kulia au kushoto, yote sawa, lakini huwezi kuyachanganya kwenye mshale mmoja. Unyoya mmoja utausukuma huku na mwingine kule, na mshale utatikisika njia nzima. Dada huyu anapata bawa la kushoto, mishale yote.

Kila unyoya unapasuliwa katikati ya uti wake, kisha uti unasagwa kwenye msasa mpaka ubaki utepe mwembamba unaolala bapa juu ya mbao. Ukisaga kidogo unakataa kulala, ukizidisha unakatika. Hapa sina kipimo, kuna kidole gumba tu.

Kila ufito unaingia kwenye kibanio, unyoya unashikwa na koleo lake, mstari mwembamba wa gundi, unalazwa. Nina vibanio sita mezani, vikifuatana. Nikimaliza cha sita, cha kwanza kimeshika. Nazungusha ufito theluthi moja, naweka unyoya wa pili. Manyoya matatu kwa mshale, mishale 13, hesabu 39. Unyoya mmoja kati ya matatu ni wa rangi tofauti (dada ametaka mwekundu), nao unakaa kwenye pembe mraba na lile pengo la nyuma linalopokea ugwe. Ukiwa sawa, hayo mawili mengine yanapita pembeni mwa upinde bila kugonga sana. Na hata yakigonga, unyoya unalala kisha unasimama tena. Vipande vya plastiki vinavyowekwa badala ya manyoya havina adabu hiyo. Vikigusa mbao vinaurusha mshale pembeni. Ndiyo maana kwa upinde mrefu manyoya hayajapata mrithi.

Pengo lenyewe ni la plastiki, limegundishwa. Siyapendi, ila mfuko wa mteja nao una sauti yake. Nililolikazia ni mahali pa kuligundisha: pengo lazima likatishe mistari ya mti, nguvu ya ugwe ikutane na upande imara wa mbao.

Tuje kwenye jambo dogo linalonichukua muda kuliko yote. Upinde mrefu hauna rafu ya kuwekea mshale. Mshale unapita juu ya ngumi ya mpigaji, unamgusa ngozi. Ncha ya mbele ya uti wa unyoya ikibaki wima, hata milimita moja, inachana mkono, na ikiingia ndani ni safari ya hospitali. Nachukua kisu kidogo, naishusha ncha ile mpaka inapotelea kwenye mbao, nazungushia uzi mizunguko michache, natia tone la gundi. Kisha napitisha mgongo wa mkono wangu mwenyewe, mbele kwenda nyuma, mara mbili. Nikisikia chochote, narudia. Mishale 13, ncha 39.

Saa nane mchana

Wali wa jana na maharage. Shangazi amenitumia sauti ya WhatsApp. "Shikamoo shangazi," najibu, "nzima kabisa." Anauliza kama bado nabandika manyoya ya bata, na kama Wazungu wanalipa kweli kwa kazi hiyo. Wanalipa, shangazi. Si sana.

Saa nane na nusu

Mishale ya kivita, ya wanaoigiza vita vya zamani. Hapa ndipo gundi ya ngozi inapoingia, na manyoya ya bata bukini, marefu ya inchi 7, tunayopata kwa wafugaji wa jirani wakichinja kwa ajili ya Krismasi. Zamani hata mfalme aliyatolea macho: mwaka 1417 Henry V aliagiza majimbo yakusanye manyoya sita kutoka kwa kila bata bukini, kwa ajili ya mishale ya jeshi lake.

Mfano tunaoufuata umetoka baharini. Meli ya Mary Rose ilizama mwaka 1545 karibu na Portsmouth, ikainuliwa 1982, na ndani yake kulikuwa na maelfu ya mishale. Manyoya yenyewe yalikwishaoza, lakini alama za uzi zilibaki kwenye mbao. Ndiyo maana tunafunga kwa uzi wa hariri kutoka nyuma hadi mbele, ukipita katikati ya vinyuzi vya unyoya. Natenganisha vinyuzi kwa sindano, napitisha uzi, naviacha vijifunge vyenyewe. Ukikosa nafasi unavivunja na unyoya unabaki na jino lililong'oka. Kazi ya kukaa kimya; mzee mwenyewe hunizimia redio.

Saa kumi

Giza linaingia. Kukata manyoya kwa umbo: waya uliokunjwa, unapata moto wa umeme mpaka unakuwa mwekundu, nauzungusha mshale mbele yake na unyoya unaungua ukabaki na mgongo safi. Harufu yake ni ya saluni, chanuo la moto kwenye nywele. Dirisha wazi, iwe baridi isiwe.

Saa kumi na moja

Banda la nyuma, mita 15, gunia lililoshindiliwa matambara. Napiga mishale ya dada kwa upinde wa karakana wa paundi 40, kila mmoja mara tatu. 12 inakusanyika ndani ya sahani. Mmoja unakwenda kushoto kila mara. Kwa mpigaji wa mkono wa kulia hiyo ni dalili ya ufito mgumu kupita upinde, ingawa kipimo cha juzi kilisema sawa. Nauandika "mgumu" kwa penseli na kuuweka kwenye kopo la mishale inayosubiri mwenye upinde wa paundi 45.

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi. Basi linapita kamili, na linalofuata ni baada ya saa nzima. Kifurushi cha dada kitakwenda posta kesho.