Alice wa Battenberg, binti mfalme aliyesoma midomo

Kila zinapozungumzwa habari za familia ya kifalme ya Uingereza, Alice wa Battenberg hupewa nusu sentensi: mama yake Philip, mume wa Malkia Elizabeth II, yule mtawa aliyewahi kurukwa na akili. Msimulizi akishasema hayo, huyoo, kwenye harusi na mataji. Mimi hubaki nyuma na Alice. Nimesoma habari za wafalme wa Ulaya tangu ujana wangu, na katika koo zote hizo zilizooana karne nyingi, yeye ndiye ninayemrudia mara kwa mara. Sababu moja ni yangu binafsi. Sikio langu la kushoto halisikii kabisa tangu utotoni, la kulia husikia kwa kubahatisha, na Alice alizaliwa kiziwi.

Alizaliwa katika kasri la Windsor tarehe 25 Februari 1885, Malkia Victoria akiwa pale pale. Alikuwa kitukuu wake. Mtoto alichelewa kusema, na alipoanza, maneno yake hayakueleweka vizuri. Bibi yake mzaa baba ndiye aliyeshtuka na kumpeleka kwa daktari wa masikio. Baada ya hapo mama yake alimfundisha kusoma midomo, kwa Kiingereza na kwa Kijerumani. Baadaye Alice akajua Kifaransa, na alipochumbiwa na Andrea, mwana wa mfalme wa Ugiriki, akajifunza na Kigiriki.

Hapa wenye masikio mazima hupita haraka, nami naomba wasipite. Midomoni, p, b na m ni kitu kimoja. Simama mbele ya kioo useme papa, baba, mama bila kutoa sauti, utaona mwenyewe. Msoma midomo anachokiona ni sehemu tu ya maneno, kilichobaki anakijaza kwa akili, kwa uso wa msemaji, kwa kujua mazungumzo yanaelekea wapi. Mtu akigeuza shingo, sentensi imekatika. Akiwa na masharubu mazito, na wanaume wa zama zile walikuwa nayo, umepoteza nusu ya alichosema. Mezani penye wageni wengi ndipo pabaya zaidi: ukimaliza kutafuta nani anasema, wenzako wameshacheka. Alice aliyafanya hayo kwa lugha nne, katika kumbi ambazo kazi ya binti mfalme ilikuwa kuzungumza na kila mgeni. Mimi jioni moja tu ya namna hiyo hunichosha hadi kichwa kinauma.

Walionana na Andrea mwaka 1902, kwenye shughuli za kutawazwa kwa Edward VII London, wakaoana Darmstadt, Ujerumani, Oktoba 1903. Wakapata mabinti wanne, na mwaka 1921, kisiwani Corfu, kitinda mimba wao Philip. Katika vita vya Balkan vya 1912 na 1913 Alice alikuwa muuguzi katika hospitali za nyuma ya mapigano, akisaidia hadi kwenye upasuaji, na Mfalme George V akamtunuku nishani ya Royal Red Cross. Kisha yakaanza maisha ya kufukuzwa na kurudi: uhamishoni 1917, nyumbani 1920, na baada ya majeshi ya Ugiriki kushindwa na Waturuki huko Asia Ndogo mwaka 1922, Andrea akashtakiwa na kufukuzwa nchini. Meli ya kivita ya Uingereza, HMS Calypso, ikaja kuwachukua. Philip, mtoto wa miezi kumi na minane, alilazwa ndani ya kasha la machungwa. Wakaishia Saint-Cloud, kando ya Paris, katika nyumba ya kuazimwa na jamaa.

Mwaka 1928 Alice aliingia Kanisa la Kiorthodoksi la Kigiriki. Muda si mrefu akaanza kusema kwamba anapokea ujumbe kutoka kwa Kristo na kwamba mikono yake inaponya wagonjwa. Familia ikaingiwa na hofu. Mapema mwaka 1930 alipelekwa kliniki moja karibu na Berlin, madaktari wakasema ni skizofrenia. Sigmund Freud, daktari mashuhuri wa mambo ya akili, aliombwa ushauri, akapendekeza ovari zake zipigwe eksirei ili akome hedhi mapema. Tarehe 2 Mei mwaka huo, Darmstadt, watoto walipelekwa matembezi. Wakiwa huko, daktari akaja, mama yao akadungwa dawa ya kumtuliza na kupakiwa kwenye gari hadi Kreuzlingen, Uswisi, kwenye hospitali ya magonjwa ya akili ya Ludwig Binswanger. Watoto waliporudi, mama hayupo. Philip alikuwa hajatimiza miaka tisa.

Sisemi kwamba hakuwa mgonjwa. Inaelekea alikuwa mgonjwa, tena sana. Ila kila nikisoma sehemu hii najiuliza ni nani aliyeketi mbele yake, uso kwenye mwanga, akamweleza polepole ni nini anafanyiwa na kwa nini. Mtu akiwa hasikii, ni rahisi mno kuzungumza juu yake akiwa chumba hicho hicho. Nimeshafanyiwa hivyo na daktari ambaye swali la maumivu yangu alimwuliza mtu niliyefuatana naye, na langu lilikuwa jambo dogo. La Alice lilikuwa maisha yake yote.

Alibaki Kreuzlingen zaidi ya miaka miwili, akitaka kutoka. Kati ya Desemba 1930 na Agosti 1931 mabinti zake wote wanne waliolewa na wana wa kifalme wa Ujerumani, na mama yao hakuhudhuria harusi hata moja. Andrea alihamia kusini mwa Ufaransa. Philip akalelewa kwa ndugu na katika shule za bweni. Alice alipotoka mwaka 1932 alikata mawasiliano na karibu familia nzima, isipokuwa mama yake. Kilichowakutanisha tena ni msiba: Novemba 1937 ndege ilianguka karibu na Ostend, Ubelgiji, ikamwua bintiye Cecilie akiwa mjamzito, pamoja na mumewe, wanawe wawili wa kiume na mama mkwe wake.

Mwaka 1938 Alice alirudi Athens, akakaa peke yake. Vita vilipofika Ugiriki mwaka 1941, wengi wa ukoo wa kifalme walikimbia. Yeye alibaki. Njaa ya msimu wa baridi wa kwanza wa uvamizi iliua makumi ya maelfu ya watu, naye alifanya kazi na Msalaba Mwekundu na kwenye vituo vya kugawa supu, na vifurushi vya chakula alivyotumiwa na ndugu zake akavigawa. Wakwe zake walikuwa upande wa Ujerumani, mwanawe Philip alikuwa baharini na jeshi la Uingereza. Inasimuliwa kwamba jenerali mmoja wa Kijerumani, akidhani yuko kwa mtu wao, alimwuliza kama kuna lolote anaweza kumfanyia, naye akamjibu: waondoe askari wako katika nchi yangu.

Septemba 1943 Wajerumani waliichukua Athens kutoka mikononi mwa Waitaliano. Wayahudi wa Thessaloniki walikuwa wameshasombwa kwa treni kwenda kuuawa miezi michache kabla. Kulikuwa na familia ya Cohen kutoka Trikala, ambayo marehemu baba wa nyumba, Haimaki, aliwahi kuwa mbunge na kufahamiana na familia ya kifalme. Mjane wake Rachel na binti yake Tilde walihitaji mahali pa kujificha. Alice aliwapokea nyumbani kwake, na baadaye kijana Michel akajiunga nao. Gestapo, polisi wa siri wa Wajerumani, walimshuku, wakaja kumhoji. Mwanamke huyu aliyejifunza tangu utotoni kuchota maana kwenye midomo ya watu aliwatazama tu, akajifanya haelewi wanachouliza kwa sababu ya uziwi wake. Wakaondoka. Akina Cohen walikaa humo hadi Athens ilipokombolewa Oktoba 1944.

Kwangu hilo ni tendo la akili kali kuliko lolote nililosoma kuhusu mtu wa kifalme wa karne ile. Kitu ambacho watu walikiona kuwa pungufu lake, alikigeuza ukuta, akawasimamisha maofisa wale nje yake.

Baada ya vita almasi za taji lake zilitengenezewa pete ambayo Philip alimchumbia Elizabeth. Mwaka 1949 alianzisha shirika la watawa wauguzi, na mwaka 1953, alipotawazwa mkwewe, aliingia Westminster Abbey amevaa joho la kijivu la kitawa katikati ya vito vyote vile. Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Ugiriki ya 1967 alikubali kuhamia Buckingham Palace, na huko ndiko alikofariki tarehe 5 Desemba 1969, akiwa hana mali yoyote ya maana. Alikuwa ameomba azikwe Jerusalem, karibu na shangazi yake Elizabeth, aliyeuawa na Wabolsheviki, wakomunisti wa Urusi, mwaka 1918. Inasemekana binti yake alipolalamika kwamba huko ni mbali kwenda kuzuru kaburi, alimjibu kwamba mabasi yapo. Mwaka 1988 mwili wake ulihamishiwa huko, kwenye kanisa la Maria Magdalena, Mlima wa Mizeituni.

Oktoba 1994 Philip na Sophie, dada yake pekee aliyekuwa bado hai, walikwenda Yad Vashem, kituo cha Jerusalem cha kuwakumbuka Wayahudi waliouawa na Wanazi, kupokea heshima aliyopewa mama yao kwa kuwaokoa akina Cohen, wakapanda mti. Philip alisema kwamba, kwa kadiri walivyojua, mama yao hakuwahi kumwambia mtu habari hiyo, na kwamba anadhani hakuwahi kufikiri kuwa alifanya jambo la pekee. Nusu ya pili siwezi kuikubali. Mtu aliyeketi mbele ya Gestapo akisoma midomo yao, huku watu watatu wamejificha ndani ya nyumba yake, alijua vizuri sana anafanya nini.