Belle Vue Aces: timu iliyobebwa na uwanja wake

Video za spidiwei, yaani mbio za pikipiki kwenye uwanja wa udongo, zinazozunguka kwenye simu za vijana hapa Unguja huzusha maswali mawili yale yale: mbona pikipiki inakwenda ubavu, na breki iko wapi? Breki haipo. Ama huko kwenda ubavu, kunahitaji maelezo marefu, na kwangu njia nzuri ya kuyatoa ni kuifuata historia ya timu moja, Belle Vue Aces ya Manchester, Uingereza. Ipo tangu mchezo huu ulipoanza kushika mizizi nchini mwao, na mpaka leo inakimbia. Imepata mabingwa wakubwa, lakini naamini kitu kilichoipa nguvu kuliko dereva yeyote ni ardhi iliyokuwa ikikimbilia.

Kwanza pikipiki yenyewe. Injini ni ya silinda moja, cc 500, na inatumia methanoli badala ya petroli. Gia ni moja tu. Uzito wa chini unaoruhusiwa ni kilo 77, yaani ni nyepesi kuliko bodaboda nyingi za Darajani ambazo injini zake ni za cc 125 au 150. Madereva wanne, wawili kila timu, wanazunguka mara nne kwa kupinda kushoto tu. Wa kwanza anapata pointi 3, wa pili 2, wa tatu 1, wa mwisho hapati kitu. Mechi ya ligi ya mbio 15 ina pointi 90, kwa hiyo ukifika 46 umeshinda. Matokeo yanayotafutwa ni 5 kwa 1, wawili wa timu moja kumaliza mbele, na hayo hayaji kwa kasi peke yake. Aliyetangulia inabidi ajue mwenzake yuko wapi bila kugeuka, na amwachie nafasi ya kupita.

Kwenye kona, dereva anafungua mafuta mpaka gurudumu la nyuma linazunguka kwa kasi kuliko mwendo wa pikipiki. Hapo mkia unachomoka kwenda nje, naye anageuza usukani upande wa kulia ilhali kona inakata kushoto. Mguu wa kushoto unaburuza chini, na buti lake lina soli ya chuma. Anayeogopa akafunga mafuta ghafla katikati ya kona ndiye anayeumia: tairi ya nyuma inashika ardhi mara moja, pikipiki inanyooka na kumpeleka ukutani, au inamrusha juu. Ndiyo maana breki hazitakiwi. Mmoja akifunga breki mbele ya watatu wanaomfuata kwa karibu, wote wataanguka.

Sasa Manchester. Mbio za kwanza za Belle Vue zilifanyika tarehe 28 Julai 1928 kwenye uwanja wa mbio za mbwa wa Kirkmanshulme Lane. Mwaka uliofuata, tarehe 23 Machi 1929, wakahamia Hyde Road, uwanja uliojengwa ndani ya bustani ya wanyama ya Belle Vue. Hyde Road ulikuwa mpana, na kona zake ziliruhusu dereva kupita nje, karibu na ukuta, ambako udongo uliolegea unarundikana. Penye uwanja finyu anayewahi kutoka mstarini ndiye mshindi, basi. Penye uwanja kama ule, aliyechelewa bado ana nafasi kwenye mizunguko yote minne, na dereva aliyekulia hapo anajifunza kupita wenzake. Kwangu mimi, hiyo ndiyo siri ya Belle Vue.

Matunda yalionekana haraka. Walichukua ubingwa wa Ligi ya Kaskazini 1930 na 1931, kisha Ligi ya Taifa miaka minne mfululizo, 1933 mpaka 1936. Kikosi kilikuwa na Frank Varey, Max Grosskreutz, Bill Kitchen na Eric Langton. Langton alikaribia sana kuwa bingwa wa kwanza wa dunia. Fainali ilikuwa Wembley, Septemba 1936, na sheria za wakati ule zilimpa kila dereva pointi za ziada alizotoka nazo kwenye hatua za mchujo. Bluey Wilkinson alishinda mbio zake zote tano usiku ule na bado akawa wa tatu. Langton na Lionel Van Praag wa Australia walilingana, ikabidi wakimbie wawili peke yao. Langton aligusa tepe ya kuanzia, na angeweza kutolewa, lakini mbio zikaanzishwa upya. Akaongoza, na kwenye kona ya mwisho kabisa Van Praag akajipenyeza ndani na kumpita.

Injini nazo zilikuwa zinabadilika. Mwanzoni Douglas ndiyo iliyotamba, yenye silinda mbili zilizolala na umbo refu la chini. Ikaja Rudge, kisha JAP ya silinda moja, ambayo ilitawala tangu miaka ya 1930 hadi ya 1960, pale mashine za Chekoslovakia, ESO na baadaye Jawa, zilipoingia. Vita Kuu ya Pili ilifunga karibu viwanja vingine vyote Uingereza. Belle Vue iliendelea na mbio zake katika miaka yote ya vita.

Baada ya vita akatokea Peter Craven, kijana wa Liverpool mwenye mwili mdogo, bingwa wa dunia 1955 na 1962. Mwili mdogo kwenye mashine yenye nguvu ni taabu, kwa sababu uzito wa dereva ndio unaokandamiza gurudumu la nyuma ardhini. Craven aliziba pengo hilo kwa kuhama juu ya pikipiki, mbele na nyuma, ndani na nje, kila kona kwa namna yake. Septemba 1963, huko Edinburgh, dereva alianguka mbele yake. Akakwepa ili asimgonge, akapiga ukuta, na siku nne baadaye akafariki, na umri wake ni miaka 29. Mwaka huo huo timu yake ilikuwa bingwa wa ligi.

Ivan Mauger wa New Zealand alifika 1969, akawa bingwa wa dunia akiwa na Belle Vue 1969, 1970 na 1972, na timu ikachukua ligi mara tatu mfululizo, 1970 mpaka 1972. Mauger alisifika kwa maandalizi ya pikipiki zake, na mafundi wetu wa Mwanakwerekwe watanielewa hapa. Methanoli inataka jeti kubwa, yaani tundu la kabureta linalopitisha mafuta, maana injini inakunywa karibu mara mbili ya petroli. Inanyonya unyevu wa hewa na inakula aluminiamu. Ukiiacha ndani ya kabureta utakuta ukoko mweupe umeziba vitundu, na kwa hewa yetu ya pwani ni upesi zaidi. Dawa yake ni kumwaga tangi mbio zikiisha, kisha kuwasha injini kidogo kwa petroli ili isafishe njia. Jambo la hatari zaidi ni kwamba moto wa methanoli mchana hauonekani. Mtu anaweza kuwa anaungua na waliosimama pembeni wasijue.

Peter Collins, ambaye Hyde Road ulikuwa uwanja wake wa nyumbani, aliutwaa ubingwa wa dunia 1976 huko Chorzów, Poland, kwa injini ya Weslake ya vali nne. Mwaka 1982 ligi ikarudi tena. Kisha 1987 Hyde Road ukauzwa, ukabomolewa, na kiwanja kikawa cha mnada wa magari. Timu ikarudi Kirkmanshulme Lane, ilikoanzia. Katika miaka yote ya huko, mpaka 2015, ilichukua ligi mara moja tu, 1993.

Uwanja wao mpya, National Speedway Stadium, ulikuwa ufunguliwe tarehe 19 Machi 2016. Watu wakaja, madereva wakajaribu ardhi, mbio zikafutwa usiku ule ule kwa sababu ardhi haikuwa salama, na ikabidi irekebishwe. Ilipokaa sawa, upana ulirudi, na mataji nayo: 2022 na 2024.

Basi kwa wale wanaoulizia kama Unguja tunaweza kuwa na kiwanja cha mazoezi, tuanze na udongo. Juu inatakiwa tabaka la mawe laini yaliyosagwa, chini pawe pagumu na panapitisha maji. Kifusi chetu cha matumbawe kikilowa na kukauka kinashikana kama saruji, tairi haipati cha kuchimba, pikipiki inateleza bila kuegemea kitu. Udongo wa mfinyanzi wa Pemba mvua za masika unageuka utelezi. Itabidi kuchanganya, na kuchekecha mawe makubwa yote, maana gurudumu la aliye mbele yako linakurushia usoni. Baada ya mbio chache udongo uliosukumwa nje urudishwe ndani kwa greda. Maji yamwagwe mengi jioni ya kuamkia mbio, kisha kidogo kidogo siku yenyewe. Ukiyamwaga yote kwa mkupuo dakika ya mwisho, juu panakuwa tope na chini pamebaki pakavu.