Daftari la mama mwenye malori

Leo nimekaa saa tatu nzima kwenye kikao cha wafanyabiashara kuhusu barabara na reli za kanda yetu. Nilikwenda nikidhani tutalalamika tu, kama kawaida. Kumbe mama mmoja mwenye malori alikuja na daftari: kila lori, saa lilizopoteza njiani, mafuta yaliyoungua likiwa limesimama, mizigo iliyokataliwa kwa kuchelewa. Akasoma ukurasa baada ya ukurasa. Ukumbi ulinyamaza kimya. Mimi nina miaka mingi kwenye biashara na sijawahi kuandika hesabu hizo, jambo ambalo limeniuma.

Serikali ndiyo inayojenga, sawa, lakini foleni inaanzia wapi na daraja lipi linachelewesha mzigo, sisi ndio tunaojua. Na kuchangia tuchangie. Kule London, biashara zinazotumia majengo ya thamani kubwa zinalipa tozo ya ziada tangu 2010 kusaidia kugharamia reli ya Elizabeth, iliyofunguliwa 2022.

Ila fedha na kampeni peke yake hazitoshi. Kule Atlanta, Marekani, mwaka 2012, viongozi wa biashara waliipigia debe kodi ya mauzo ya asilimia 1 kwa ajili ya usafiri, wapiga kura wakaikataa. Nimelisema hilo kikaoni, nikaomba madereva na abiria wa mabasi waalikwe kikao kijacho. Baadhi ya wenzangu walinuna. Nitaliomba tena.

Kuanzia kesho kila dereva wangu anaondoka na daftari.