Kiingereza hakina ngeli, ndo maana modifaya zinatusumbua

Vijana wa tuisheni ukiwauliza kishazi huru ni nini, kishazi tegemezi ni nini, modifaya (neno au fungu la maneno linaloelezea neno lingine) ni nini, wanakutajia fasta kabisa bila hata kupumua, ila wape sentensi ya Kiingereza uwaulize hiki kinamwelezea nani hapa, kimya. Mi naona Kiswahili kimewadekeza.

Cheki hii: "the key of the car that was lost". Kilichopotea ni ufunguo au gari? Sentensi haisemi. Kwetu ukisema ufunguo wa gari uliopotea tunaanza kupekua makochi, ukisema ufunguo wa gari lililopotea twende polisi, ngeli ishamaliza kazi. (Sawa, "mtoto wa mwalimu aliyehama" na sisi tunakwama maana wote ni A-WA, lakini mara nyingi tunapona.)

Kiingereza hakina hiyo kitu, kwa hiyo kinachoamua ni neno limekaa wapi na koma iko wapi. Ndo unakuta mtu anaandika "Walking to the market, my phone rang", na kwa sarufi yao hapo simu ndo ilikuwa inatembea kwenda sokoni, wakati sisi tukisema nikielekea sokoni simu ikaita, ile "ni" ishamtaja mwenye safari. Dawa yake ni kukipa kishazi mtenda wake: "While I was walking to the market, my phone rang". Basi.

Koma nazo! "My brother who lives in Mombasa is a doctor", hapo nina makaka kadhaa nakuonyesha yupi. Weka koma mbili, "My brother, who lives in Mombasa, is a doctor", kaka ni mmoja tu na Mombasa ni habari ya ziada.

Na msidhani ni mambo ya mtihani tu. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikaa na kesi ya Facebook na jamaa mmoja aliyekuwa anatumiwa meseji za kuingia kwenye akaunti wakati hana akaunti. Sheria yao ya 1991 inabana mashine za kupiga simu zenyewe, zile zinazoweza "to store or produce telephone numbers to be called, using a random or sequential number generator", yaani kutunza au kuzalisha namba za simu kwa kutumia kifaa kinachotoa namba kwa kubahatisha au kwa mfuatano. Sasa hiyo "using" inashika "produce" peke yake au na "store" pia? Ikishika "produce" tu, jamaa ana kesi, maana mfumo wa Facebook ulikuwa umetunza namba yake. Majaji wote wakasema inashika zote mbili, na ile koma kabla ya "using" ikawa mojawapo ya sababu, jamaa akashindwa.

Siku hizi kwenye tuisheni sianzi na majina ya vishazi kabisa, nawapa kalamu nyekundu wachore mshale kutoka kwenye modifaya mpaka kwenye neno inalolielezea, na mshale ukikosa pa kutua sentensi inaandikwa upya.