Nilivyohamia mchele wa kukobolewa mara moja

Mimi ni mtu wa wali. Nimezaliwa Ifakara, na kwetu nyumba ikipika ugali siku tatu mfululizo, majirani wanajua mpunga umeisha ghalani. Kwa hiyo mwaka jana, daktari hapa Morogoro aliponipima wastani wa sukari wa miezi mitatu na kipimo kikasoma asilimia 6.2, sikuwaza soda wala chai. Niliwaza sahani yangu ya jioni. "Bado hujapata kisukari," akaniambia, "lakini upo mlangoni." Mlango wenyewe unaanzia 5.7 na kuishia 6.4.

Nikakimbilia supamaketi kununua kilo moja ya mchele wa kahawia, bei karibu mara mbili ya Supa, mchele mweupe tuliouzoea. Mke wangu akaupika kama anavyopika siku zote, maji yale yale, mkaa juu ya mfuniko. Ukatoka umekaza kama changarawe. Mtoto wetu mdogo akatafuna kijiko kimoja, akanitazama kwa huruma: "Baba, huu bado ni mpunga." Uliobaki nikawamwagia kuku.

Nikiwa nimesimama pale bandani ndipo akili iliponirudi. Kuku wangu nawalisha pumba ninazopata mashineni kila nikikoboa mpunga wa shangazi. Na pumba ni lile tabaka jembamba lililo chini ya ganda, pamoja na kiini cha punje. Humo ndimo zilimo nyuzinyuzi, mafuta na sehemu kubwa ya vitamini B1. Kule Java miaka ya 1890, daktari Mholanzi Christiaan Eijkman aliwaona kuku waliolishwa mchele mweupe mtupu wakilegea miguu, na waliporudishiwa mchele wenye pumba wakasimama tena. Kazi hiyo ilimpa Tuzo ya Nobel mwaka 1929. Mimi miaka yote hiyo nawapa kuku pumba, halafu naingia ndani kula kilichobaki.

Shangazi alipoleta gunia la mpunga, aina ya SARO 5, baada ya mavuno, nikalipeleka mashineni. Mashine ya pale ina hatua mbili: kwanza mipira inayotoa ganda, kisha sehemu inayong'arisha, ndiyo inayoondoa pumba.

"Fundi, nikobolee mara moja tu. Usiung'arishe."

Akazima mashine kabisa. "Mzee, huo utamuuzia nani?"

"Nakula mwenyewe."

"Na mama nyumbani anajua?"

Mama nyumbani alikuwa na masharti: wali uive, na usitumalizie gesi. Tukaanza kuuloweka tangu usiku. Kikombe kimoja cha mchele, vikombe viwili na nusu vya maji, moto mdogo kama dakika 40, halafu unaachwa umefunikwa ujimalizie. Wiki za mwanzo tulichanganya nusu kwa nusu ili watoto wasigome. Wenye pumba unatangulia sufuriani, mweupe unafuata baada ya dakika 20 hivi. Ukiutia pamoja, mmoja utakuwa bokoboko mwingine ukiwa mbichi.

Kosa jingine lilikuwa kukoboa gunia zima kwa mkupuo. Pumba zina mafuta, na mafuta huchacha. Baadaye ndoo ikaanza kunuka kama karanga za zamani. Sasa mpunga unakaa kwenye gunia na maganda yake, nakoboa debe moja moja.

Watu huniuliza kama mchele wa Kyela ni bora kwa sukari kuliko Supa wa Kilombero. Yote miwili husifiwa kwa kunukia, lakini harufu haisemi lolote kuhusu sukari. Ukiacha suala la kukoboa, mimi naangalia punje zikiiva: mchele unaonatanata kwa kawaida humeng'enywa haraka kuliko ule ambao punje zake zinaachana.

Lakini lililonishinda kwa muda mrefu ni kiasi ninachokula, si aina. Nilidhani mchele ukishakuwa "wa afya" naweza kujaza sahani. Nikajichoma kidole saa mbili baada ya kula mlima wa wali wa kahawia, kimashine cha kupima sukari kikaniumbua. Wali ni wanga, hata uvae koti la pumba. Sasa nusu ya sahani ni matembele au mchicha, kuna maharage au dagaa, na wali wenyewe ni ukubwa wa ngumi. Kwa mtu wa Ifakara hiyo ni adhabu, nisidanganye mtu. Na siku ya sikukuu pilau inapikwa kwa Supa mweupe, sibishani na mtu yeyote jikoni.

Baada ya miezi minne kipimo kilisoma 5.8. Nilikuwa pia nimeanza kwenda kazini kwa miguu, kwa hiyo sifa zote siupi mchele.

Waliopata hasara ni kuku. Ukikoboa mara moja kinachotoka ni makapi matupu, nao hawayagusi. Pumba zao sasa nanunua.