Do ni E

Kwa miaka tisa nilipiga kinanda kanisani nikijua ki moja tu, yaani mahali pamoja tu pa kuanzia do. Do ni C, vibao vyeupe, basi. Kwaya ikitaka wimbo upande, nilibonyeza kitufe cha kuhamisha sauti mara mbili au mara tatu, namba ikabadilika kwenye kioo kidogo, na vidole vyangu vikabaki palepale vilipozoea. Wapiga vinanda wengi ninaowafahamu hapa Mbeya wamekua hivyo. Walimu wa piano hatukuwa nao. Tulikuwa na kinanda cha kanisa, spika mbili, na Jumapili ambayo haikungoji uwe tayari.

Ninayotaka kusimulia yalitokea Ijumaa moja ya Julai 2017, katikati ya kipupwe, kwenye hoteli moja ndogo maeneo ya Forest. Lakini lazima kwanza niseme nilifikaje hotelini.

Jazi ilinijia kwa simu. Mwaka ule nilikuwa nauza pembejeo dukani Mwanjelwa, mchana kutwa mbegu na mbolea, jioni mgongo unauma. Usiku nilinunua bando lile la bei nafuu la kuanzia saa sita, nikajifunika blanketi mbili na kusikiliza. Rekodi iliyonishika ni ya 1958, ya Cannonball Adderley, Miles Davis akipuliza tarumbeta na Hank Jones akiwa kwenye piano. Wimbo unaitwa Autumn Leaves. Joseph Kosma aliutunga Ufaransa mwaka 1945, Wamarekani wakaupa maneno ya Kiingereza, na leo ni mmoja wa nyimbo ambazo kila mpiga jazi anatakiwa kuwa nazo kichwani. Hilo ndilo lililonivuta zaidi: kwamba kuna hazina ya nyimbo za watu wote, kiasi kwamba watatu wasiofahamiana wanaweza kupanda jukwaani, wakatajiana jina la wimbo na ki, wakaanza kupiga.

Baba aliposikia najifunza jazi alifurahi sana. Kwake jazi ni bendi zetu za dansi za zamani, ni Morogoro Jazz, ni Western Jazz, ni gitaa la Mbaraka Mwinshehe. "Basi utanipigia ya Mbaraka," akasema. Nikamwekea ile rekodi ya Adderley. Aliisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha, mkono umeshika kidevu, kisha akasema, "Hawa wanaongea kwa zamu. Hakuna anayemkata mwenzake." Mpaka leo sijasikia mtu akiieleza jazi vizuri kuliko hapo.

Niliandika wimbo ule kwenye daftari la kaunta kwa solfa, zile do, re, mi za kwaya, kwa sababu ndiyo maandishi ya muziki niliyokuwa nayo. Ndipo nikaona kitu kilichonifanya niinuke kitandani. Besi yake inatembea hivi: re, so, do, fa, ti, mi, la. Inazunguka noti zote saba, kila moja mara moja, halafu inatua kwenye la, pale pa huzuni. Juu ya besi hiyo huhitaji kurundika noti. Kwa zile kodi (chords, noti zinazopigwa pamoja) tatu za mwanzo, noti mbili katikati zinatosha. Besi ikiwa re, shika fa na do. Besi ikienda so, fa inabaki, do inashuka kwenda ti. Besi ikifika do, ti inabaki, fa inashuka kwenda mi. Hatua fupi mbili tu, na sikio linasikia mlango ukifunguka. Hank Jones anagusa kidogo vile kwa sababu kidogo kile ndicho kinachobeba wimbo. Nilikaa na noti hizo mbili miezi minne. Sikuchoka.

Mwimbaji wangu alikuwa mtoto wa mama mdogo, aliyekulia Chunya na kuja mjini kusoma. Alipoelewa kuwa wimbo unazungumzia majani yanayopukutika, alicheka kwa raha. "Dada, hii si ni miombo ya kwetu? Kiangazi inabaki vijiti. Halafu kabla ya mvua majani mapya yanatoka mekundu, ungedhani pori linaungua." Tangu siku ile aliuimba kama mtu anayesimulia kwao. Sauti yake ilikaa vizuri Do ikiwa E flati, kibao cheusi kilicho chini tu ya E. Kwangu hiyo ilikuwa kazi ya kubonyeza kitufe mara tatu.

Meneja wa hoteli alitusikia kwenye sendi-ofu ya jirani, akatuita tuwe tunapiga kila Ijumaa, saa moja hadi saa tatu na nusu usiku, watu wakila. Shilingi 40,000 kwa wawili, na wali kuku. Baadhi ya waumini hawakupenda. Mwalimu wetu wa kwaya alipoulizwa alijibu kwamba yeye anachojua ni kuwa mazoezi ya Jumamosi yanaanza saa kumi, na mimi sijawahi kuchelewa. Mjadala ukaishia hapo.

Ijumaa hiyo ilikuwa ya tano. Baridi ya Julai ya Mbeya anaijua aliyeionja: ile inayoshuka kutoka Loleza jua likizama tu na kukuingia kwenye vifundo vya vidole. Nilivaa sweta mbili na kuweka mikono juu ya kikombe cha chai mpaka dakika ya mwisho. Ukumbini kulikuwa na watu kama ishirini. Meza kubwa ilikuwa ya familia moja, babu, bibi, watoto na wajukuu. Nadhani walikuwa wanamuaga kijana anayekwenda chuo. Tulikuwa tumepiga nyimbo mbili. Mdogo wangu ameshika maiki, mimi nimeshabonyeza kitufe, tatu ikawaka kwenye kioo, na umeme ukakatika.

Jenereta iliwashwa, lakini ilikuwa inabeba jiko, majokofu na taa ya mapokezi tu. Wahudumu wakaleta mishumaa na taa mbili za sola. Tulingoja robo saa. Watu wakaanza kutazama saa. Meneja akaja kwangu akiwa ameshika mshumaa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, ile piano pale si haitumii umeme?"

Nilikuwa nimeiona kila Ijumaa. Piano ya mbao, ya kusimama, imeegeshwa ukutani kama kabati, juu yake kitambaa cha kufuma, chombo cha maua na magazeti ya zamani. Tukayaondoa. Nilipofunua kifuniko ilitoka harufu ya mbao na vumbi lililokaa miaka. Vibao vyeupe vilikuwa vimegeuka rangi ya manjano, na viwili upande wa kulia vilikuwa vimezama visipande tena. Nikapitisha kidole kutoka chini hadi juu, polepole, kama mtu anayepapasa ngazi gizani. Sauti ilikuwa nene na yenye joto, nzuri kuliko nilivyotegemea. Ila kibao kimoja, A ile iliyo chini kidogo ya katikati, kilishuka na kurudi bila kutoa chochote. Kishindo cha mbao tu.

Nikampa mdogo wangu do yake, E flati. Akatikisa kichwa. "Chini mno, dada. Koo halipo hapo."

Nilirudia. Akatikisa tena, na nikajua ni yeye aliye sahihi, kwa sababu miezi ile yote aliimba sauti ileile mpaka mwili wake ukaikariri. Piano haikuwa imekazwa nyuzi miaka mingi, ilikuwa imeshuka yote kwa pamoja, nusu sauti nzima. Nikasogea kibao kimoja juu. "Hapo," akasema, akafumba macho.

Hapo palikuwa E. Shapu nne, yaani vibao vyeusi vinne. Hakuna mtu aliyewahi kuniona nikipiga Do ni E, kwa sababu sikuwahi. Kitufe kilikuwa kwenye kinanda kilichozimika. Nilitazama vibao vile kwenye mwanga wa mshumaa na sikuona hata kimoja ninachokijua. Nilisikia mapigo ya moyo masikioni.

Kilichonijia ni fimbo ya mwanzi. Mwalimu wetu wa kwaya ana chati ya solfa, karatasi ngumu iliyopigwa misumari ukutani, do chini, do juu. Anagusa kwa fimbo na sisi tunaimba anachokigusa. Mpango huo wa solfa uliendelezwa Uingereza katika karne ya 19 na mchungaji John Curwen, akijenga juu ya kazi ya mwalimu Sarah Glover, ili watu wa kawaida wasiojua kusoma noti waweze kuimba sauti nne. Msingi wake ni kwamba do haina mahali pake. Mwalimu husema, "Do ni mpangaji. Leo kapanga F, kesho kapanga A flati. Akihama, anahama na vyombo vyake vyote." Halafu anapuliza filimbi yake, anatupa do mpya, na tunaimba wimbo uleule bila hata kufikiri. Tangu nina miaka kumi na miwili naimba sauti ya pili katika ki zote kumi na mbili. Koo langu lilikuwa limeimba Do ni E mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Vidole tu ndivyo havikuwahi kufika.

Kwa hiyo niliacha kutafuta vibao, nikaimba besi kimoyomoyo. Re. Kidole kikaenda F shapu. So, B. Do, E. Fa, A ya chini kabisa, iliyokuwa nzima, ikanguruma mpaka kwenye mbao za sakafu. Ti nilikosea: niligusa D nyeupe badala ya ile nyeusi iliyo kando yake, na sauti ile ilichoma. Mdogo wangu hakuyumba. Mi, G shapu. La, C shapu. Tumefika.

Mzunguko wa pili nikaongeza zile noti mbili za katikati, na hapo ndipo nilipokutana na kibao bubu. Fa. Kati ya noti zote, fa, ambayo inatakiwa ikae kwenye re, ikae tena kwenye so, ndipo ishuke kwenda mi. Nilibonyeza, mbao ikagonga, pakawa na shimo. Ningeweza kuichukua juu, kwa mkono wa kulia, lakini kule ilikuwa inagongana na sauti ya mdogo wangu.

Kwenye kwaya, mwenzako akikosa pumzi, unashika noti yake mpaka arudi. Hakuna anayekuomba. Basi niliishika. Nilifunga midomo nikaivumisha ile fa kwa sauti ya chini, sauti ya pili kama Jumapili yoyote, vidole vikipiga do, kisha ti, na nilipoteremka kwenda mi piano ikanipokea, kwa sababu G shapu ile ilikuwa hai. Mdogo wangu alifumbua macho, akanitazama, akasogea akasimama karibu na bega langu. Tukaenda hivyo raundi nne. Kila fa ilipofika, niliiimba. Bila maiki na bila spika, tulisikia hata vijiko vikiwekwa sahanini, na raundi ya tatu tulisikia vimeacha kuwekwa.

Umeme haukurudi usiku ule. Nilibaki Do ni E mpaka mwisho, nyimbo nyingine tatu, nikienda taratibu, nikikosea hapa na pale. Mtoto mmoja wa ile familia alilala kwenye mapaja ya bibi yake. Walipoinuka kuondoka, babu alipita karibu na piano, akagusa ule ubao wake wa pembeni kwa kiganja kama mtu anayemgusa ng'ombe wake, akasema, "Ndaga fijo," asante sana kwa Kinyakyusa. Hakusema zaidi.

Kwenye bajaji vidole vilikuwa bado vinatetemeka, na si kwa baridi. Ilikuwa karibu saa nne, mwalimu huwa amelala saa hiyo, lakini nilimpigia.

"Shikamoo mwalimu. Umeme ulikatika, nimepiga piano ya mbao. Bila kitufe."

"Marahaba. Do ilikuwa nini?"

"E."

Akanyamaza kidogo. Nilimsikia akikaa kitandani.

"Shapu nne. Ulizipata?"

"Nilizipata. Ila fa ya katikati ilikuwa haitoi sauti, imekufa."

"Sasa fa ukaitoa wapi?"

"Niliiimba, mwalimu."

Kimya tena. Bajaji ikapita shimo, nikashika simu kwa mikono miwili.

"Haya," akasema. "Kesho saa kumi. Njoo na sweta, kanisani kuna baridi."