Nilivyoyatenga maji ya kisima na maji ya kunywa kwenye jengo letu Mombasa

Jengo ninalolisimamia liko upande wa Mwembe Tayari. Chini kuna mkahawa na duka la dawa, juu kuna kliniki ya meno, saluni na ofisi, na uani wako vijana wanaoosha magari. Kama majengo mengi ya kisiwani, linatumia maji ya aina tatu: ya kampuni, yanayokuja kwa mgao, ya kisima, ambayo ni ya chumvi, na ya boza, yaani lori la maji, mgao unapochelewa. Ya kampuni na ya boza ni ya kunywa na kupikia. Ya kisima ni ya vyoo, kudeki na kuoshea magari. Ndivyo ilivyopangwa.

Aliyenishtua ni mama wa mkahawa. "Mwanangu, hebu onja," aliniambia akinipa kikombe cha chai. "Sukari nimeongeza, na bado ina munyu." Nilionja, kisha tukafungua mfereji wa jikoni, ule wa maji ya kampuni, tukaonja maji yenyewe. Chumvi. Nilipomuuliza zaidi, akanambia haikuwa kila siku. Siku ya mgao maji huwa matamu. Yakikatika mtaani, baada ya muda chumvi inaingia.

Hapo nikajua kwamba kampuni haikuwa imetuletea maji mabaya. Maji yalikuwa yanarudi nyuma humu humu ndani. Maji hutoka penye presha kubwa kwenda penye presha ndogo, na kila mita kumi za kimo ni kama presha ya ba (bar) moja, kipimo cha presha. Tangi letu la kisima liko juu ya paa. Bomba la mtaa likiwa limejaa, presha yake inayazuia maji ya tangi hilo. Likiwa tupu, halina nguvu ya kushindana na tangi hilo, na penye upenyo wowote wa mabomba hayo kukutana, maji ya kisima yatateremka hadi kwenye mifereji ya kunywa. Yakipata njia, yatapita hata kwenye mita ya maji na kwenda kwa majirani.

Katika miji yenye maji saa zote, jambo hili hutokea kwa nadra, pengine bomba kubwa linapopasuka au zimamoto wanapovuta maji mengi. Mwaka 1969 huko Marekani, timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo cha Holy Cross iliugua homa ya ini baada ya moto uliozuka karibu kushusha presha na kunyonya maji machafu hadi kwenye bomba walilokuwa wakinywea. Msimu wao ukafutwa. Kwao presha ilishuka kwa ajali. Kwetu Mombasa presha hushuka kwa ratiba ya mgao, na hilo ndilo linalonifanya nione kwamba msimamizi yeyote wa jengo hapa ana kazi kubwa zaidi kuliko mwenzake wa kule.

Na chumvi yenyewe si ya kuogopwa sana. Kisiwa hiki ni mwamba wa matumbawe, unapitisha maji kama ungo, na mashimo ya vyoo yamechimbwa jirani na visima tangu zamani. Chumvi ilikuwa ni alama tu. Ilikuwa bahati kwamba kisima chetu kina chumvi, kwa sababu uchafu wa choo ukiwa kidogo hauna ladha.

Mwenye jengo ni mzee wa makamo ya baba yangu. Nilipomwambia nataka kukata mabomba, aliuliza kwa nini tusinunue valvu moja tukaifunga. Nikamweleza: "Ami, mwaka 1933 Chicago, wakati wa maonyesho makubwa, hoteli mbili zilikuwa na mabomba ya maji safi na machafu yaliyoingiliana. Zaidi ya watu 1,000 walipata kuhara damu, na 98 wakafa. Wageni walikunywa maji ya mfereji tu." Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi anza na mkahawa." Sikuhitaji ruhusa nyingine.

Kutafuta njia ya maji kulichukua muda mrefu kuliko kuirekebisha. Nilinunua kipimo kidogo cha mfukoni cha kupima chumvi iliyoyeyuka, kwa sababu ulimi hautambui chumvi mapema: Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba ladha huanza kusikika kloridi ikipita kama miligramu 250 kwa lita. Chini ya hapo unaweza kuwa unakunywa maji ya kisima na usijue. Siku ambayo mtaa ulikuwa mkavu, nilifunga koki ya mita, nikamwambia fundi awashe pampu ya kisima, tukapima mfereji mmoja baada ya mwingine kutoka juu hadi chini. Namba zilikuwa zikipanda kila tulipokaribia ngazi za nyuma.

Nyuma ya ubao wa stoo ya ngazi tukalikuta: kipande kifupi cha bomba la inchi moja, kimeunganisha bomba la kisima na la kampuni, katikati kuna geti valvu moja, ile ya lango linaloshuka kufunga maji. Bila shaka mtu alikiweka zamani ili maji ya kampuni yakikatika, afungue ya kisima watu wasikose maji. Geti ilikuwa imefungwa. Fundi alipoifungua tukaona mdomo wake wa shaba umeliwa na chumvi, na mchanga umekaa chini hata lango lisiweze kushuka lote. Ilionekana imefungwa, na maji yalikuwa yanapita. Tulikikata chote, tukatia plagi pande zote mbili. Hatukuweka valvu nyingine mahali pake. Katika mji wa mgao, na kwa maji ya chumvi haya, valvu iliyo katikati ya maji safi na machafu, kuvuja kwake ni suala la muda tu.

Kisha tukageukia tangi la chini linalopokea maji ya kampuni. Bomba la kuingiza lilikuwa limerefushwa hadi ndani ya maji, labda kupunguza kelele. Mtaa ukikauka na bomba likaanza kunyonya, litanyonya kutoka tangini. Tukalikata na kulipandisha ili maji yaanguke hewani kabla ya kugusa maji ya tangi. Kanuni ni nyepesi: mwanya uwe angalau mara mbili ya upana wa bomba, na usipungue inchi moja. Kwa bomba letu la inchi moja na nusu, ni inchi tatu. Jambo ambalo mafundi wengi hulisahau ni bomba la kumwagia, linalotoa maji tangi likijaa kupita kiasi. Likiwa jembamba au limewekwa juu mno, boya la kufunga maji likikwama, maji yatapanda na kuufunika mwanya wote. Tuliliweka kubwa zaidi ya bomba la kuingiza, chini ya mwanya, na wavu wa kuzuia mbu na mende.

Pampu ya maji ya kampuni ilikuwa ikivuta moja kwa moja kutoka bomba la mtaa. Hii nayo ni hatari, kwa sababu huvuta uchafu kupitia kila ufa ulio mtaani. Sasa inavuta kutoka tangi tu.

Kliniki ya meno ilinipa kazi ya kufikiri. Kiti cha daktari kina maji yanayokaribiana na mate na damu. Kuna valvu ya pekee kwa sehemu kama hizo: ina milango miwili na tundu la kumwagia katikati, na mlango mmoja ukiharibika, maji humwagika sakafuni badala ya kurudi. Ni kifaa kizuri, ila kinahitaji kupimwa kila mwaka na mtu mwenye kipimo chake, na sikumpata kwa urahisi. Nikaona heri kliniki ipewe tangi lake dogo lenye mwanya wa hewa, linalotoa maji kwake peke yake. Daktari alikubali bila kubishana.

Uani, vijana walikuwa wakiacha mpira wao umezama ndani ya pipa la sabuni, mfereji ukiwa wazi. Mpira ule ulikuwa umeungwa kwenye maji ya kampuni, kwa sababu maji ya kisima huacha madoa kwenye magari. Nikawawekea mfereji ulio juu ya pipa, bila mpira, na mpira wa kusafishia ukapata shingoni kifaa cha kuzuia maji yasinyonywe kurudi nyuma na ndoano ukutani. "Mzee, sasa povu haliruki tena," mmoja alinambia.

Baadaye tulisafisha tangi lote. Kwa lita 10,000, klorini ya miligramu 50 kwa lita ni gramu 500, na unga wetu ulikuwa wa asilimia 65, kwa hiyo tulipima karibu gramu 770, tukaliacha usiku kucha, tukakataza watu kunywa, kisha tukamwaga na kusuuza. Sampuli tuliipeleka maabara kwenye sanduku la barafu siku ile ile. Majibu yalirudi bila E. coli, bakteria wanaoonyesha uchafu wa choo.

Mabomba ya kampuni sasa yamepakwa bluu na ya kisima nyeusi, yameandikwa "Si ya kunywa", na mkataba wa kila mpangaji una kifungu kwamba fundi wake hakati bomba kabla sijafika. Karibu na mita tumefunga cheki valvu, inayopitisha maji upande mmoja tu, ambayo inawalinda majirani kutokana na sisi. Lakini uchafu unaoingia kwenye bomba la mtaa wenyewe hauzuiliwi na valvu hiyo wala na ule mwanya wa inchi tatu, na jengo la upande wa pili bado linavuta kwa pampu kutoka bomba hilo. Nimeshaongea na msimamizi wao. Amekubali tukutane na fundi wetu, aangalie tangi la chini tulivyolifanya, halafu tupige hesabu ya la kwao.